Si kila anayeanguka ana mapepo, na si kila mwenye mapepo ni mgonjwa: uzi kuhusu fahamu inapojitenga

ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye chai yake asogeze kigoda. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mwaka wa 11 kazini, sasa hivi niko mkoani Tanga. Sio daktari bingwa na humu sitibu mtu. Naandika nilichosoma na nilichokiona kwa macho yangu, maana sipitishi mwezi bila kupokea mgonjwa aliyezungushwa kote kwa sababu ya neno moja tu: mapepo.

Nianze na binti mmoja wa kidato cha tatu (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike). Kaletwa saa tano usiku kwenye bajaji, kashikwa na watu wanne, matroni wa bweni anakimbia nyuma na kanga ya kumsitiri miguu. Anatupa mikono, kichwa kinakwenda kushoto na kulia kama mtu anayekataa kitu. Kabla sijavaa glovu nimeshapewa majibu matatu. Mjomba wake: majini ya ukoo. Mwalimu wa zamu: anadeka huyo, mtihani umekaribia. Matroni: kifafa.

Nikamchoma kidole. Sukari 5.1, iko sawa. Kipimo cha haraka cha malaria, hamna kitu. Homa hana, shingo inakunjika vizuri. Nikajaribu kumfungua kope nimmulike tochi, akazibana kama mtoto anayekataa dawa ya macho. Hapo nikaanza kutulia. Kwenye degedege la kifafa mara nyingi macho huwa wazi, mwili hukakamaa kisha hutikisika kwa mpigo mmoja, na dakika mbili tatu limekwisha. Huyu alitikisika dakika 20, anapumzika, anaanza upya. Ulimi haukuumwa.

Nikawatoa wote nje, nikabaki na matroni. Taa moja, sauti ya chini, hakuna kumkamata. Baada ya kama robo saa akafumbua macho akauliza, "Hapa wapi?" Cha mwisho anachokumbuka ni kengele ya kujisomea, saa moja na nusu jioni. Saa karibu nne zilizofuata kwake hazipo.

Hakuwa anadeka. Dalili za kifafa hazikuwepo, na baadaye kipimo cha umeme wa ubongo kilisema hivyohivyo. Hilo la majini nitalirudia, maana sio jepesi kama sisi watu wa hospitali tunavyolifanya.

Vitabu vinakiita kitu hiki disosiesheni. Kiswahili hatuna neno moja lililozoeleka; wodini mimi husema fahamu imejitenga, na wagonjwa wananielewa. Fikiria ngoma. Msondo unalia, vumi linajibu, chapuo linachombeza. Wewe unayesikiliza nje ya uwanja huhesabu ngoma tatu, unasikia ngoma moja. Akili nayo iko hivyo: kumbukumbu, hisia, mwili, na kule kujijua kwamba mimi ni fulani mwana wa fulani, vyote vinapigwa kwa pamoja na tunaviita "mimi". Fahamu ikijitenga, mojawapo inanyamaza. Au inaendelea kupigwa peke yake chumba cha pili, na wenzake hawaisikii.

Aliyelifanyia kazi jambo hili mapema ni Mfaransa Pierre Janet, mwaka 1889. Hoja yake kwa lugha yetu: tukio likiwa zito kuliko uwezo wa mtu kulibeba, akili inashindwa kulifunga kwenye furushi moja na mengine. Linabaki pembeni, lina uhai wake, na siku moja linaingia bila hodi.

Naendelea post ya pili, msijaze kurasa kwanza.

ZamuYaUsiku

Sehemu ya pili. Zipo aina kadhaa, na ndio kiini cha uzi wangu, kwa sababu kila moja ina njia yake na sisi tunaziita jina moja.

Nianze na ile isiyoonekana kabisa kwa nje. Hii ninaifahamu kwa mwili wangu mwenyewe. Mwaka mmoja basi tulilopanda liliacha njia karibu na Segera. Sikuumia, mkwaruzo tu wa kiwiko. Saa mbili baadaye nimekaa kituo cha polisi natakiwa kuandika maelezo, nikawa naangalia mkono ulioshika kalamu. Ulikuwa unaandika vizuri, mwandiko wangu kabisa. Ila haukuwa wangu. Nilikuwa kama nimesimama nyuma ya bega la mtu nikimchungulia anavyoandika. Sauti za watu zilikuja kwa mbali, kama redio ya jirani. Nilijua fika kwamba ule ni mkono wangu na ile ni hisia tu, lakini kujua hakukusaidia. Kulipopambazuka ilikuwa imeisha.

Hiyo ni dipasonalaizesheni, kujiona si wewe. Ndugu yake ni derealaizesheni: wewe upo, dunia ndiyo inakuwa kama picha, watu kama maboksi, rangi zimepauka. Karibu nusu ya watu wazima hupitia kitu cha namna hii angalau mara moja maishani: baada ya ajali, msiba, kukesha siku kadhaa, homa kali, bangi. Huo sio ugonjwa. Inakuwa ugonjwa ikikaa au ikirudirudi mpaka mtu anashindwa kazi na masomo, na hapo inakadiriwa ni kama watu 2 kwa kila 100. Huanza mapema, wastani miaka 16. Mtu wa miaka 45 akija na dalili hizi kwa mara ya kwanza, mimi mawazo yananipeleka kwanza kwenye kifafa cha upande wa kichwa, uvimbe au dawa anazotumia, kabla ya kugusa hisia zake.

Halafu kuna kumbukumbu kukatika. Hapa sizungumzii wazee kusahau funguo. Mtu mzima, ubongo mzima, anapoteza kipande cha maisha yake, mara nyingi kipande kilekile kilichomuumiza. Pengine ni saa chache, pengine ni miaka. Nadra sana anapoteza mpaka jina, akasafiri. Kisa ninachokipenda ni cha Ansel Bourne, mhubiri wa Rhode Island, Marekani. Januari 1887 alitoa dola 551 benki, akatoweka. Akafika Norristown, Pennsylvania, akapanga chumba, akafungua duka dogo la vitu vidogo vidogo na peremende, akijiita A. J. Brown. Majirani walimwona mtu mtulivu, anakwenda kanisani. Tarehe 14 Machi asubuhi akaamka na hofu, anauliza yuko wapi, na kwamba yeye anaitwa Bourne na biashara ya duka haijui kabisa. Mwaka 1890 mwanasaikolojia William James alimlaza usingizi wa kiini macho (hipnosisi, usingizi wa kuongozwa kwa maneno), akatokea "Brown" na akasimulia ile miezi miwili. Bourne alikuwa hana habari nayo.

Fikirini ingekuwa Korogwe. Angeambiwa alichukuliwa msukule.

KondaMstaafu

Nimekaa siti ya mbele kabisa mkuu, endelea.

Swali la kizushi. Mimi nilikuwa konda miaka 9, dereva wangu alikuwa anatoka Chalinze, tukifika Segera ananiuliza "hivi Mkata tumeshapita?" Na hajasinzia, anapiga stori na anapita magari vizuri tu. Naye fahamu ilijitenga? Maana kama ndivyo basi abiria wa nchi hii wanaendeshwa na wagonjwa 😂

ZamuYaUsiku

Mkuu KondaMstaafu, ndiyo, ni ukoo mmoja, ila yule ni mjukuu mpole. Sehemu ya akili imeendesha, nyingine imekwenda kuwaza ada za watoto. Ni sawa na mtu anayesoma tasbihi akashtuka imekwisha. Ukimwita anageuka, ng'ombe akikatiza anafunga breki. Haimharibii kitu. Ila akichanganya na mirungi na usiku wa pili bila kulala, shuka kituo kinachofuata.

NakuruMtaani

Sasa wadau. Hiyo kitu ya mkono si wako imenifanya niketi chini. Mimi niko Nakuru, 22. Mwaka jana nilivuta bangi na mabeshte, ikanishika vibaya, moyo ukapiga nikajua nakufa. Tangu siku hiyo ni kama niko nyuma ya kioo. Miezi nane. Najiangalia kwa kioo cha bafu kucheki kama ni mimi. Mathe anadhani nimelogwa, mimi nadhani nimewehuka. Sijaambia mtu mwingine.

ZamuYaUsiku

Ndugu yangu wa Nakuru, asante kwa kusema.

Neno uliloandika, "ni kama", lishike sana. Mtu aliyepoteza mawasiliano na uhalisia haongezi "ni kama". Atakuambia kwa uhakika kwamba amebadilishwa na fulani ndiye aliyembadilisha. Wewe unajua kioo hakipo. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya hali hii na ugonjwa wa skizofrenia, na ndiyo sababu watu wengi wenye tatizo lako huwa na hofu ya kuwehuka huku kichwa kikiwa timamu.

Bangi ni kichocheo kinachojulikana, hasa ikiambatana na hofu kali kama yako. Kwa hiyo la kwanza iache kabisa, hata ile ya "kidogo tu nilale". La pili, hapo kwenye kioo cha bafu ndipo unapojilisha ugonjwa. Kadiri unavyojikagua ndivyo unavyojiona mgeni. Rudia neno "chungwa" mara 100 uone litakavyokuwa si neno tena. Uso nao ni hivyo. Hisia ikija, peleka akili kwenye mwili: osha uso kwa maji baridi, kanyaga sakafu bila viatu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia. Haiondoi tatizo, inakurudisha kiti cha dereva kwa muda.

La tatu, miezi nane imetosha kuhangaika peke yako. Nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali yenu kubwa. Dawa maalumu ya kujitenga kwa fahamu haipo, usiuziwe. Zipo za hofu na sonona kama vimo, na kuna tiba ya mazungumzo inayofundisha kuacha kujikagua. Na hakikisha wamekuuliza kuhusu kifafa na usingizi.

BintiWete

Assalaam alaykum. Nilikuwa nasoma kimyakimya ila mmefika kwangu.

Bibi yangu alikuwa kiti, yaani mtu anayepandwa na pepo. Wa Pemba mnaelewa. Alikuwa na rubamba, pepo wa kwetu Pemba, na baadae akaja wa kibuki. Kibuki si wa kwetu, asili yake Bukini (Madagaska), na wenyewe si Waislamu, wanataka brendi. Bibi yangu maisha yake yote hajagusa pombe, akivaa baibui mpaka kisimani. Siku ya ngoma ikipigwa na udi ukifukizwa, kibuki akipanda anakaa miguu mbali, anaita brendi yake, sauti nzito, anaamrisha hata wajomba zangu. Akishuka, bibi anauliza, "Mumekula?" Hakumbuki. Na mdomo haunuki, wallahi, ingawa hilo mimi nilikuwa mdogo siapi sana.

Sasa nambie kaka, au dada sijui. Bibi yangu alikuwa mgonjwa? Maana kalea watoto saba, kauza karafuu, kaamua kesi za mtaa mzima.

ZamuYaUsiku

Waalaykum salaam dada BintiWete. Kaka.

Jibu langu ni hapana. Na hilo sio jibu la adabu tu, ndivyo ulivyoandikwa mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022. Umetenga kabisa ugonjwa wa kupagawa: ni pale mtu anapohisi nafsi yake imeondolewa na nguvu nyingine imekaa mahali pake, inamjia bila hiari, haikubaliki ndani ya dini au mila za watu wake, na inamletea mateso au kumharibia maisha. Bibi alikuwa na siku yake, na ngoma yake, na mtu wa kumpandisha na kumshusha. Watu wake walijua kinachoendelea. Kesho yake yuko kwenye karafuu. Fahamu yake ilikuwa inajitenga, sina shaka, ila ilikuwa inajitenga kwa mwaliko na inarudi kwa wakati.

Nitasema na jambo ambalo wenzangu kazini hawalipendi. Waganga wa pepo wa pwani walijua kitu ambacho sisi tulichelewa kukijua. Angalia wanavyofanya: kwanza wanamuuliza pepo jina. Wanamuuliza anataka nini. Wanampa nafasi aseme mbele ya ukoo mzima maneno ambayo mke wa nyumba ile hathubutu kuyasema kwa mdomo wake. "Kiti changu kimechoka, kinapigwa, kinataka nguo." Mume anasikia, na hawezi kumjibu pepo kama anavyomjibu mkewe. Mimi naita hiyo tiba ya familia, imevaa kaniki.

Tofauti inaonekana upande wa pili. Kusini magharibi mwa Uganda, daktari Marjolein van Duijl na wenzake walizungumza na watu waliokwenda kwa waganga kwa kupagawa, wakachapisha mwaka 2010. Walikuta watu wale wana dalili nyingi zaidi za kujitenga kwa fahamu, na wamepitia machungu mengi zaidi, kuliko majirani zao wasiopagawa. Hao hawakualika mtu. Waliingiliwa.

Mtumishi_wa_Zamu

Mleta uzi unaandika vizuri lakini unawapoteza watu. Pepo ni pepo. Mimi nimeombea watu wakaanguka wakainuka wazima, bila sukari wala tochi. Msitafute maneno ya kizungu kufunika vitu vya rohoni.

ZamuYaUsiku

Mtumishi, sibishani nawe kuhusu rohoni, huko sina kipimo. Na sikatai kwamba wanainuka. Huyu wangu naye aliinuka kwa taa moja na sauti ya chini.

Ombi langu ni dogo. Kabla hujaanza kuomba, mtu achomwe kidole. Malaria iliyopanda kichwani inamfanya mtu aongee maneno yasiyoeleweka, apige watu, acheke ovyo. Sukari ikishuka vivyo hivyo. Homa ya uti wa mgongo, vivyo hivyo. Hao wakichelewa hata saa chache wanaweza kufa au kubaki na ulemavu, na nimewasitiri kwa shuka kwa mikono yangu wawili waliokesha kwenye maombi. Pima kwanza, kisha omba hata siku saba. Na mwenye kifafa asiambiwe aache vidonge kwa sababu amefunguliwa.

MsomajiKimya

Vipi kuhusu wale wa nafsi nyingi? Kwenye muvi mtu ana watu 20 ndani, mmoja muuaji. Ni kweli au biashara?

ZamuYaUsiku

Lipo, muvi zimelivuruga.

Ndilo zito kuliko yote kwenye kundi hili. Utambulisho wa mtu umegawanyika katika hali mbili au zaidi, kila moja na namna yake ya kuhisi na kukumbuka, na katikati kuna mapengo. Lakini mgonjwa halisi haigizi, anaficha. Anakuja kwako kwa sonona, kwa kujikata mikono, kwa maumivu ya kichwa. Ukimzoea ndipo anakuambia kwamba hukuta nguo kabatini ambazo hakumbuki kuzinunua, au hukuta mwandiko wa kitoto kwenye daftari lake. Nyuma yake mara nyingi sana kuna utoto wa kuteswa, tena na mtu ambaye mtoto alikuwa anamtegemea. Mtoto hawezi kukimbia nyumba, basi anakimbia ndani.

Marekani jina lilikuwa "haiba nyingi" kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili wa 1980, wakalibadilisha mwaka 1994, kwa sababu tatizo si kuwa na watu wengi bali kushindwa kuwa hata mmoja aliye kamili. Na kulikuwa na fujo. Miaka ile ya 80 kesi ziliongezeka ghafla, baadhi ya matabibu wakiwalaza watu usingizi wa kiini macho na kuwachokonoa mpaka wakajaa kumbukumbu ambazo hazikutokea. Miaka ya 90 wakashtakiwa mahakamani. Kwa hiyo wenye mashaka wana sababu. Mwaka 2013 Wamarekani haohao wakaongeza kwenye maelezo kwamba kwa jamii nyingine hali hii huonekana kama kupagawa. Niliposoma mstari ule nilicheka peke yangu. BintiWete angewaambia bure.

Halafu nikiri kosa. Kituo nilichoanzia kazi, sitakitaja, aliletwa mama anayesikia sauti mbili zikigombana kichwani. Sauti, basi, nikaandika skizofrenia, na daktari aliyekuwa zamu akakubali. Akachomwa sindano za kutuliza miezi mitano. Alinenepa, akawa anatetemeka, sauti zikabaki palepale. Hakuna aliyemuuliza sauti zile ni za nani. Muuguzi mgeni ndiye aliyemuuliza, akajibu bila kusita: "Mmoja ni mimi nikiwa darasa la pili."

UmurisaWaKigali

Natoka Kigali, Kiswahili changu mtanisamehe. Sisi tuna neno, ihahamuka. Kila Aprili tunapokumbuka mauaji ya 1994, mtu anakaa vizuri tu kwenye kumbukumbu, mara anaanza kupiga kelele, anakimbia, anawaona wauaji wako hapa, leo. Hatumwiti mwenye mapepo. Kuna watu wamefundishwa, wanamchukua pembeni wanakaa naye. Je, hii nayo ni ya kwenye uzi?

ZamuYaUsiku

Ni ya kwenye uzi kabisa, na Kiswahili chako kinatosha. Hapo kumbukumbu haikupotea. Imeingia nzima nzima na kuifukuza leo. Mtu hakumbuki Aprili ile, yuko ndani yake. Na mnavyofanya, kumchukua pembeni na kukaa naye, natamani kila bweni la Tanzania lingekuwa na watu wawili waliofundishwa hivyo.

MamaWawili

Mimi ni mwalimu. Shule yangu wakianguka wanaanguka 15 kwa siku moja. Tunaita viongozi wa dini zote, wiki inakatika. Nifanye nini hasa?

ZamuYaUsiku

Mwalimu, hili lina historia kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, shule ya wasichana Kashasha, kule Kagera, watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Ikafika 95 kati ya wanafunzi 159, na mwingine alikaa nayo hadi siku 16. Machi 18 shule ikafungwa, wasichana wakarudi makwao, hali ikawafuata vijijini. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, hawakukuta sumu wala kirusi. Dunia inakihadithia kisa kile kama kichekesho, "ugonjwa wa kucheka". Hakuna aliyekuwa na furaha pale. Walikuwa wasichana wa bweni, sheria kali, mbali na mama zao.

Ukiona wa kwanza ameanguka: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, angalia saa. Likipita dakika tano, au ana homa, au ni mara yake ya kwanza, hospitali. Asikamatwe mikono na miguu, kukamatwa kunachochea. Mtoe mbele ya wenzake, maana linasambaa kwa macho na masikio. Ndiyo maana kukusanya shule nzima uwanjani kwa maombi ya kelele siku hiyohiyo kunaongeza idadi. Fanyeni ibada yenu kesho, kwa utulivu. Usimwambie anajifanya. Hajifanyi, mwili umekata shauri bila kumuuliza. Wapo wanaoamka miguu haibebi, au sauti haitoki, na vipimo vyote safi. Shirika la Afya Duniani limeweka nao kwenye kundi hilihili, Wamarekani wamewaweka kundi la jirani.

Na baada ya siku mbili tatu, mambo yakishatulia, kaa na yule wa kwanza. Peke yake. Huyo wa kwanza ndiye mwenye habari.

KondaMstaafu

Mkuu, usituache hewani. Binti wa kidato cha tatu aliishiaje?

ZamuYaUsiku

Nilijua mtauliza.

Alilazwa siku tatu, akawa anakuja kliniki kila Ijumaa. Vikao viwili vya kwanza alinihadithia masomo tu, fizikia inamsumbua. Cha tatu nikamuuliza kwa nini ni saa ya kujisomea, si asubuhi, si usiku wa manane. Akavuta uzi wa sweta mpaka ukakatika. Akasema ile ndiyo saa ambayo mama yake alikuwa anapiga kwenye simu ya matroni, kila Jumatano.

Mama alikuwa amefariki. Wiki tatu kabla hajaletwa kwangu alikuwa tayari amezikwa, matanga yameanuliwa, na ukoo umekubaliana asiambiwe mpaka amalize mtihani. Mjomba ndiye aliyepewa kazi ya kumwambia matroni asimpe simu. Binti akazisikia habari kwa mwanafunzi wa kijiji chao, bwenini, kwenye foleni ya maji. Hakulia. Alikinga ndoo yake, akaibeba, akaipeleka. Kesho yake kengele ya kujisomea ikalia.

Nilimwita mjomba. Sikumlaumu, nani humu ukoo wake haujawahi kufanya hivyo? Alikaa kimya muda, kofia mkononi, kisha akauliza, "Kwa hiyo si majini?" Nikamwambia hilo waulizane na wazee, ila mtoto anadai kaburi. Likizo wakampeleka. Alilia siku mbili, wakamwacha alie.

Aliporudi shule alianguka mara moja tena, mwezi wa sita. Matroni hakuita watu wanne. Alikaa naye sakafuni, akamfunika miguu kwa kanga, akamsubiri.